Mnyororo wa Kanali Crawford

Wamarekani wanaomkumbuka William Crawford humkumbuka zaidi kwa namna alivyokufa. Tarehe 11 Juni 1782, karibu na kijito cha Tymochtee, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Ohio, wapiganaji wa Kidelaware walimfunga kwenye nguzo, wakamtesa kwa muda mrefu, kisha akafa motoni. Daktari wa kikosi chake, John Knight, ambaye naye alikuwa mateka, aliyaona yote hayo kwa macho yake, akafanikiwa kutoroka, na masimulizi yake yakachapishwa mwaka uliofuata. Vizazi kadhaa viliyasoma masimulizi hayo kama ushahidi kwamba wenyeji wa asili wa bara lile hawakustahili huruma wala ardhi. Crawford mwenyewe akahesabiwa kuwa shahidi aliyekufa kwa ajili ya taifa changa, na kaunti za Ohio na Pennsylvania zikaitwa kwa jina lake.

Mimi navutiwa zaidi na miaka kumi na mitano hivi iliyotangulia moto ule, kwa sababu Crawford hakuwa askari tu. Kazi yake ya kwanza, na iliyomlisha kwa muda mrefu zaidi, ilikuwa kupima ardhi. Ukimfuata akiwa na mnyororo wake wa kupimia kabla ya kumfuata akiwa na bunduki, kisa chake hukoma kuwa hadithi ya mtu mwema aliyeangukia mikononi mwa watu wakatili. Kinakuwa kisa cha mtu aliyefanya kazi ya hatari kwa faida ya wengine, juu ya ardhi iliyokuwa na wenyewe.

Alitoka Virginia, na ujana wake aliupitia katika bonde la Shenandoah, mahali ambapo katikati ya karne ya 18 palikuwa ukingo wa makazi ya Waingereza. Huko ndiko alikokutana na George Washington, ambaye mwaka 1749, akiwa na umri wa miaka 17, alipewa cheo cha mpima ardhi wa Kaunti ya Culpeper. Urafiki wao ulianzia kwenye kazi hiyo, na haukukatika hadi Crawford alipokufa.

Zana za kazi zilikuwa chache. Palikuwa na dira iliyowekwa juu ya fimbo moja iliyochomekwa ardhini, na palikuwa na mnyororo wa chuma wenye pingili 100 na urefu wa futi 66. Watu wawili waliubeba, mmoja mbele na mwingine nyuma, wakiuvuta na kuunyoosha kwa mstari ambao mpima aliwaelekeza. Minyororo 80 ilikuwa maili moja, na eneo la minyororo kumi ya mraba lilikuwa ekari moja. Ekari ambayo wakulima wengi wa Tanzania huikadiria kwa hatua 70 kwa 70 ndiyo hiyohiyo, kwani nasi tuliirithi kutoka kwa Waingereza wale wale. Pembe za shamba hazikuwekewa mawe. Ziliwekewa alama za shoka kwenye miti: mwaloni mweupe ukingoni mwa mto, kisha kuelekea kusini kwa vipimo kadhaa hadi kwenye miti miwili ya jozi, kisha kufuata maji hadi mwanzo. Mti ukianguka, mpaka ulibaki kwenye karatasi tu, na karatasi ndiyo iliyokuwa na nguvu mahakamani.

Kupima porini kulihitaji mtu anayeweza kulala nje kwa wiki nyingi, kuwinda chakula chake, kuisoma nchi, na kujilinda. Kwa sababu hiyo katika makoloni yale mpima ardhi na ofisa wa mgambo mara nyingi walikuwa mtu mmoja. Crawford alitumika katika majeshi ya Virginia wakati wa vita kati ya Waingereza na Wafaransa, na mwaka 1758 alikuwa katika msafara wa Jenerali John Forbes ulioiteka ngome ya Wafaransa ya Fort Duquesne, mahali ambapo leo ni Pittsburgh. Alipoipita nchi ile akiwa askari, aliitazama kwa jicho la mpimaji. Mwaka 1765 alihamia huko, akajenga nyumba ya magogo kando ya mto Youghiogheny, mahali palipoitwa Stewart's Crossing, na familia yake ikamfuata.

Kuhama kwake kulikuwa kosa mbele ya sheria. Mwaka 1763, baada ya vita vya mtemi Pontiac kuwatikisa Waingereza, Mfalme George wa Tatu alitoa ilani iliyowakataza raia wake kukaa magharibi ya safu ya milima ya Appalachia. Serikali ya London haikusukumwa na upendo kwa wenyeji. Ilikuwa imechoka kulipia vita, na ilijua kwamba kila kibanda kipya ng'ambo ya milima kilikuwa cheche. Lakini kwa walowezi na walanguzi wa ardhi, mstari ule ulikuwa usumbufu wa kupitiwa pembeni.

Barua ya Washington kwa Crawford ya Septemba 1767 inaonyesha waziwazi ulivyopitiwa. Washington, wakati huo tajiri mwenye shamba la tumbaku na ngano huko Mount Vernon, alimwomba rafiki yake amtafutie ardhi nzuri ng'ambo ya milima. Alimwambia kwamba yeye aliiona ilani ya mfalme kuwa hatua ya muda tu ya kuwatuliza wenyeji, ambayo ingeondolewa baada ya miaka michache, na kwamba mtu atakayezembea kutafuta ardhi sasa hataipata tena. Akamsihi afanye jambo hilo kwa siri, na akapendekeza kwamba anapozunguka porini asingizie kuwa anawinda wanyama. Washington angelipa gharama za upimaji na hati. Crawford angetoa miguu, macho na ujuzi, na kupata sehemu yake ya ardhi. Crawford alijibu mwezi huohuo kwamba yuko tayari.

Barua hii naiona kuwa muhimu kuliko vita vyote alivyopigana Crawford. Mwenye mtaji yuko mbali, amekaa salama kando ya mto Potomac. Mwenye mnyororo yuko katika nchi ya watu wengine bila ruhusa ya mfalme wake wala ya wenyeji, na akikamatwa atasema alikuwa akiwinda.

Mwaka uliofuata, 1768, mambo yalionekana kurahisika. Katika mkataba wa Fort Stanwix viongozi wa muungano wa Wairoquois waliwauzia Waingereza ardhi kubwa sana kusini ya mto Ohio. Tatizo ni kwamba waliouza hawakuwa wakiishi humo. Washawnee, ambao nchi ile ilikuwa uwanja wao wa kuwinda, hawakukubali mauzo hayo, nao Wadelaware na Wamingo waliokaa ng'ambo ya mto waliona walowezi wakimiminika hadi mlangoni mwao. Kila ardhi aliyoipima Crawford baada ya hapo ilisimama juu ya mkataba huo, na msingi ulikuwa na ufa tangu siku ya kwanza.

Katika vuli ya 1770 Washington alikuja kujionea. Alifika nyumbani kwa Crawford pamoja na rafiki yake, daktari James Craik, wakaenda Pittsburgh, na kutoka hapo wakashuka mto Ohio kwa mitumbwi hadi mdomo wa mto Kanawha. Safarini walikutana na Guyasuta, kiongozi wa Kiseneca ambaye mwaka 1753 alikuwa amemsindikiza Washington kijana katika safari yake kwa Wafaransa. Guyasuta alimkumbuka, akampokea kwa heshima na kuwapa wageni nyama ya nyati. Wageni walikula, wakaagana naye, na wakaendelea kuweka alama kwenye miti. Shajara ya Washington ya safari hiyo imejaa maelezo ya udongo: wapi bonde ni pana, wapi ardhi ni nyeusi, wapi mto hufurika. Mwenyeji wao anatokea humo kama mtu wa kupendeza, lakini swali la nani mwenye nchi halitokei.

Ardhi iliyokuwa ikitafutwa ilikuwa na historia. Mwaka 1754 Gavana Robert Dinwiddie wa Virginia alikuwa ameahidi ekari 200,000 kwa watu watakaojitolea kupigana na Wafaransa. Washington, akiwa kamanda wao wa zamani, alisimamia madai hayo, na Crawford ndiye aliyepewa kazi ya kupima. Kuanzia 1771 alipima vipande virefu kandokando ya mito Ohio na Kanawha, akiifuata ardhi tambarare ya bondeni na kuviacha vilima visivyolimika. Washington mwenyewe alipata zaidi ya ekari 20,000 kwenye mito hiyo, akiwa amenunua pia haki za baadhi ya wenzake, na baadhi ya maofisa walionung'unika kwamba kiongozi wao alikuwa amejichagulia mabonde bora hawakuwa wakimsingizia. Karibu na nyumbani kwake Crawford alimpimia rafiki yake eneo la zaidi ya ekari 1,600, na kwenye tawi la kijito cha Chartiers, kusini-magharibi ya Pittsburgh, eneo jingine la ekari 2,813. Hilo la pili nitalirudia.

Ni vigumu kuamini jinsi kazi hiyo yote ilivyoning'inia kwenye uzi mwembamba wa kisheria. Virginia ilikuwa na utaratibu wake: mpima ardhi wa kaunti alitakiwa kuthibitishwa na Chuo cha William and Mary, na chuo kilichukua sehemu ya sita ya ada zake. Mwaka 1775, uhasama kati ya makoloni na Uingereza ulipokuwa umefikia kileleni, habari zilienea kwamba Gavana Dunmore alikusudia kuzifuta hati za ardhi ya askari wa 1754 kwa sababu mpimaji wao hakuwa amethibitishwa kama sheria inavyotaka. Mpimaji huyo alikuwa Crawford. Washington aliandika barua ya kulalamika mwezi Aprili, na siku chache baadaye risasi za kwanza za mapinduzi zikalia huko Massachusetts. Sisemi kwamba Washington alipigania uhuru kwa sababu ya ardhi ya Kanawha. Nasema tu kwamba watu wenye maslahi kama hayo hawakuwa na sababu ya kumlilia mfalme.

Dunmore huyohuyo alikuwa amemtumia Crawford vizuri mwaka mmoja kabla. Tarehe 30 Aprili 1774, kwenye mto Ohio karibu na Yellow Creek, kundi la walowezi liliwaua ndugu wa Logan, kiongozi wa Kimingo aliyekuwa anajulikana kwa urafiki wake na wazungu. Logan alilipiza kisasi, mpaka wote ukawaka, na Dunmore akatangaza vita. Crawford, akiwa ofisa wa mgambo wa Virginia, alishughulikia ujenzi wa ngome ya Fort Fincastle huko Wheeling. Baada ya Washawnee kushindwa Point Pleasant mwezi Oktoba, aliongoza kikosi kilichovamia na kuuharibu mji wa Wamingo ulioitwa Salt Lick, mahali lilipo jiji la Columbus la leo. Wamingo walikuwa watu wa Logan, waliokuwa wametendewa uovu ulioanzisha vita hivyo, na ndio waliochomewa nyumba. Wasifu wa Crawford ulioandikwa na wanaomsifu hulipita tukio hilo kwa sentensi moja, na sentensi hiyo huwa inasifu uhodari.

Vita hivyo vilimweka pia katika hali ya ajabu kwa upande wa serikali. Virginia na Pennsylvania zote mbili zilidai eneo la Pittsburgh, na Crawford, aliyekuwa hakimu mkuu wa amani wa Kaunti ya Westmoreland chini ya Pennsylvania, alichagua kuitumikia Virginia. Pennsylvania ilimfukuza kazi mwaka 1775. Baadaye alikuwa mpima ardhi wa Yohogania, kaunti ambayo Virginia iliiunda juu ya ardhi hiyohiyo, na ambayo ilitoweka kabisa mara majimbo hayo mawili yalipokubaliana juu ya mpaka wao. Mtu aliyeishi kwa kuchora mipaka alikuwa anaishi mahali pasipo na mpaka.

Wakati wa vita vya mapinduzi alijiunga na jeshi la Washington na kuwa kanali wa kikosi cha saba cha Virginia, kisha akarudishwa mpakani, ambako vita vilikuwa vya aina nyingine. Mwezi Februari 1778 alikuwa katika msafara wa Jenerali Edward Hand uliokusudia kuteka maghala ya Waingereza, lakini ukaishia kuwashambulia Wadelaware wachache waliokuwa kambini, wengi wao wanawake na watoto. Kati ya waliouawa alikuwamo ndugu wa Hopocan, mtemi wa Kidelaware ambaye Waingereza walimwita Captain Pipe, na mama yake alijeruhiwa. Wakati ule Hopocan alikuwa bado hajachukua upande katika vita. Jina lake msomaji alikumbuke.

Kisha ukaja Machi 1782. Wadelaware waliobatizwa na wamisionari wa Kimoravian, ambao hawakuwa wakipigana na mtu yeyote, walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na washirika wa Waingereza hadi Sandusky, kaskazini mwa Ohio ya leo, na njaa ikawarudisha katika kijiji chao cha Gnadenhutten kuvuna mahindi waliyoyaacha shambani. Wanamgambo wa Pennsylvania wakiongozwa na David Williamson waliwakuta huko, wakawanyang'anya silaha kwa maneno ya kirafiki, wakapiga kura kuamua hatima yao, na wachache tu ndio waliokataa kushiriki. Wafungwa walikesha wakisali na kuimba tenzi. Tarehe 8 Machi waliuawa 96 kwa nyundo ya mbao na visu vya kuchunia ngozi za vichwa: wanaume 28, wanawake 29 na watoto 39. Hakuna aliyeshtakiwa.

Crawford hakuwapo Gnadenhutten. Lakini miezi miwili baadaye, msafara mwingine wa kujitolea ulipokusanyika Mingo Bottom ili kuishambulia miji ya Sandusky, wengi wa waliokuja walitoka sehemu zilezile, na Williamson alikuwa mmoja wao. Jenerali William Irvine, kamanda wa Fort Pitt, ngome ya Wamarekani huko Pittsburgh, alitaka mtu mwenye nidhamu zaidi awaongoze. Watu walipiga kura, kama ulivyokuwa utaratibu wa mgambo, na Crawford akamshinda Williamson kwa kura 235 dhidi ya 230. Williamson akawa makamu wake. Kabla ya kuondoka nyumbani Crawford alikuwa ameandika wosia akigawa mashamba yake na watumwa wake, kwa maana mtu huyu aliyewapimia wengine uhuru wa kumiliki ardhi alimiliki pia watu.

Msafara ulikuwa na watu wapatao 480, ulianza tarehe 25 Mei, na wenyeji walijua habari zake karibu tangu siku ya kwanza. Mapigano yalianza tarehe 4 Juni kwenye uwanda wa Sandusky. Kesho yake Washawnee walifika kuwaimarisha Wawyandot, Wadelaware na askari wa Waingereza, na usiku Wamarekani wakaanza kurudi nyuma kwa vurugu. Crawford alibaki nyuma akimtafuta mwanawe na jamaa zake wengine, akapotezana na kikosi, na tarehe 7 akakamatwa pamoja na daktari Knight. Aliyewarudisha nyumbani askari walionusurika alikuwa Williamson.

Wadelaware walimshtaki mbele ya baraza lao. Hopocan alikuwapo, na aliulizia msafara wa 1778. Juu ya kila kitu palikuwa na Gnadenhutten. Mmisionari John Heckewelder aliandika baadaye kwamba kiongozi mmoja aliyefahamiana na Crawford, Wingenund, alimwambia kwamba kama wangempata Williamson huenda angeweza kumwokoa yeye, lakini kwa kuwa alikubali kutembea na mtu yule, hapakuwa na aliyethubutu kumtetea. Maneno yenyewe huenda ni ya Heckewelder kuliko ya Wingenund. Hoja iliyomo inalingana na yote yaliyotangulia. Wakili aliyehariri masimulizi ya Knight kwa ajili ya gazeti, Hugh Henry Brackenridge, aliiondoa sehemu iliyoeleza kwamba mauaji yale yalikuwa kisasi cha Gnadenhutten. Bila sehemu hiyo kilichobaki ni mateso yasiyo na sababu, na hivyo ndivyo yalivyosomwa.

Simtetei mtu yeyote kwa kilichofanyika Tymochtee. Aliyechomwa alikuwa mzee aliyeomba apigwe risasi, na hakupigwa. Lakini siwezi kumwita asiye na hatia mtu aliyeuharibu mji wa Salt Lick na kuandamana na Hand. Washington alipopata habari alihuzunika, akaandika kwamba tangu sasa askari wake wasikubali kushikwa hai na wenyeji, na maisha yakaendelea.

Ndipo ninaporudi kwenye zile ekari 2,813 za Chartiers. Crawford alizipima, akajenga kibanda humo kwa niaba ya Washington ili kuonyesha kwamba ardhi ina mwenyewe, na hati ikatolewa mwaka 1774. Familia za Wapresbiteri zilihamia hapo, zikafyeka msitu, zikajenga nyumba na kuzungushia mashamba yao ua. Mwaka 1784 Washington alikwenda kuwaona, akataka wanunue au wapange. Wakakataa, wakisema kwamba ardhi ni ya anayeilima. Kesi ilisikilizwa Oktoba 1786 mbele ya jaji Thomas McKean, katika Kaunti ya Washington, Pennsylvania, kaunti iliyotoa wanamgambo wengi waliokwenda Gnadenhutten na Sandusky kwa hoja kwamba wanailinda ardhi ya walowezi. Mawakili wa Washington walisimama juu ya vipimo na kibanda cha Crawford, aliyekuwa amekufa miaka minne iliyopita. Baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba Washington ndiye mwenye haki, na familia zile zikafungasha mizigo, zikahama.